Ami Atujibu: Mteja alikuwa mlevi ama alikuwa na hasira?

Mwezi huu barua zimenijia nyingi na karibu zote zazungumzia jambo moja, Kiingereza cha mtaani, yale maneno ambayo mwalimu hakukufundisha na ukiyafungua kwenye kamusi ya shule huyaoni, ama wayaona lakini na maana nyingine kabisa. Mimi nilisimama risepsheni ya hoteli huku pwani ya kaskazini miaka kumi na tisa kabla sijastaafu, kwa hivo haya nimeyaona kwa macho sikuhadithiwa. Nimechagua barua nne. Majina nimeyaficha kama kawaida.

Ami shikamoo. Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Kisauni, kazi yangu ni kuchati na wateja onlaini, duka ni la nguo na viatu na wateja wengi ni Wamarekani. Mwezi uliopita mmoja mzigo wake ulichelewa akaniandikia "I'm so pissed right now". Mimi najua hilo neno ni kulewa, manake nilipokuwa kwenye mafunzo ya hoteli Nyali wageni wa Kiingereza walikuwa wakilisema wakitoka baa. Basi nikamjibu kwa upole kabisa, pole, kunywa maji upumzike, tutaongea kesho ukiwa sawa. Ami, yule mtu aliwaka! Akapeleka skrinishoti kwa supavaiza wangu, nikakatwa pesa za siku tatu na kuambiwa Kiingereza changu kibovu. Nani alikosea hapa? Na Kiingereza viko vingapi?

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa hizo pesa, imeniuma.

Kiingereza chako si kibovu. Ulichokisikia Nyali ulikisikia sawa, kwa Muingereza mtu aliye "pissed" amelewa, tena si kidogo, chakari, na Muaustralia pia akilisema hilo neno ni ulevi. Kwa Mmarekani mtu huyo huyo hajagusa hata tone, amekasirika tu. Sasa kuna alama moja ikusaidie siku nyingine. Ukiona nyuma yake kuna "off", yaani "pissed off", hapo ni hasira kila mahali, hata Uingereza. Wamarekani walichofanya ni kulikata mkia hilo neno wakabaki na kichwa, na kichwa kule ng'ambo kilikuwa tayari na kazi nyingine. Kwa hivo likija bila mkia, kwanza angalia mteja yuko nchi gani, halafu angalia analalamika kitu gani, mtu ambaye mzigo wake umechelewa wiki mbili yuna sababu ya kukasirika hata kama hajui kuandika. Na wewe mwenyewe usilitumie kazini hata siku moja, asili yake ni mkojo.

Wauliza viko vingapi. Hesabu siwezi kukupa, lakini naweza kukwambia vilivyogawika. Waingereza walishuka Jamestown, Virginia, mwaka 1607, wakashuka Sydney mwaka 1788, na enzi hizo hakuna simu, hakuna redio, barua yenda na jahazi miezi. Ni kama ndugu waliotoka nyumba moja mmoja akahamia Lamu mwengine Vanga halafu wasionane, wajukuu wakija kukutana kwenye harusi wote waongea lugha ya babu lakini kila mmoja ana ya kwao. Na maneno ya mtaani ndio yanayoachana haraka zaidi manake hayazaliwi vitabuni, yanazaliwa maskani, vijana watano wamekaa kwenye ukuta mmoja atoa neno wenzake wacheka, kesho mtaa mzima walitumia, na ule mtaa wa ng'ambo ya pili haukuwepo.

Sasa sisi Kenya tuko pabaya zaidi, na hili ndilo hasa lililokupata. Shuleni tumefundishwa Kiingereza cha Waingereza kwa sababu ndio walikuwa watawala, halafu tukirudi nyumbani twafungua filamu za Marekani. Vyote viwili vimelala chumba kimoja kichwani mwako na hakuna aliyewahi kukwambia hiki ni cha nani. Wewe utasema "boneti" na "buti" ya gari kama Muingereza, na dakika hio hio wasema "guys" na "awesome" kama Mmarekani, na wala huoni tofauti.

Kwa vile duka lenu ni la nguo hebu nikupe ya kazi kabisa. "Pants" kwa Mmarekani ni suruali, kwa Muingereza ni chupi. Neno ni moja, limetokana na "pantaloons", na hilo nalo latoka kwa Pantalone, yule mzee wa Venice kwenye michezo ya kuigiza ya Waitaliano, huku likabaki nje na huku likaingia ndani. Halafu kwa vijana wa Uingereza wakisema kitu fulani ni "pants" wamaanisha hakina maana, ni takataka, kwa hivo mteja wa London akikwambia "your delivery is pants" usimuulize saizi. "Vest" kwetu na kwa Muingereza ni vesti, ile ya ndani ya shati, kwa Mmarekani ni kizibao cha kuvaa juu ya shati. "Suspenders" za Mmarekani ni zile kanda za begani za kushikilia suruali, za Muingereza ni za mwanamke kushikilia soksi ndefu. "Jumper" ya Muingereza ni sweta, ya Mmarekani ni kanzu isokuwa na mikono ya kuvaliwa juu ya blauzi. Bandika hizi nne karibu na kompyuta yako, zitakuokoa.

La tano nilijifundisha kwa tabu. Siku moja asubuhi mapema alikuja kaunta mama mmoja mtu mzima wa Australia, nywele zote nyeupe, amejifunga kikoi na miguu imejaa mchanga, akasema kwa sauti watu wasikie kwamba ameacha "thongs" zake karibu na kidimbwi cha kuogelea na mtu amezichukua. Kijana niliyekuwa naye zamu alikuwa mgeni kazini. Alinyamaza, akaangalia chini, mimi nikaona masikio yake yanabadilika rangi. Manake kwetu sisi na kwa Waingereza na Wamarekani wengi wa sasa hio ni ile chupi ya uzi. Akaenda dobi kuuliza kwa minong'ono, wa dobi wakaitana, mama amesimama hapo hapo hajui kwa nini watu wamwepuka macho. Mwisho akainua mguu wake mtupu akatuonyesha wayo. Ndara! Mama wa watu alikuwa amepoteza ndara. Australia ndivo zinavoitwa, na wala hawakukosea, neno "thong" tangu zamani ni ukanda wa ngozi, na ndara si ina ukanda wa kupita katikati ya vidole? New Zealand hapo jirani wao waziita "jandals", Afrika Kusini "slops". Na sisi je, si kuna wanaosema ndara, na champali, na patipati, na ukivuka Tanzania ni malapa? Tulizikuta chini ya kiti, nami nilimuomba msamaha yule mama kwa niaba ya hoteli nzima, naye akamkumbatia yule kijana.

Kwa hivo usione aibu. Hata Kiswahili chetu chafanya hayo. Mjukuu mmoja alikuja kutoka Nairobi kwa bibi yake Majengo, akamwambia nyanya nina shida na ngiri, akimaanisha yuataka shilingi elfu moja. Kwetu huku ngiri ni ule ugonjwa. Yule bibi alianza kulia, akamuuliza mwanangu imekushika lini, ushaenda hospitali? Na "soo" ya Nairobi ni shilingi mia, ya Dar ni balaa. Sasa hapo nani hajui Kiswahili?

Na Wamarekani wenyewe walijua hili jambo lina hatari. Mwaka 1942 walipokuwa wakipeleka wanajeshi wao Uingereza kwa vita, Wizara ya Vita iliwachapishia kijitabu cha kuwaeleza tabia za wenyeji, na ndani wakaonywa wasiseme wanaonekana kama "bum", manake Mmarekani yuasema amekuwa kama ombaomba lakini Muingereza asikia makalio. Wakaambiwa pia "bloody" wasilitamke palipo na wanaume na wanawake pamoja, kule ni tusi. Serikali nzima ilikaa chini ikawaandikia watu wazima wenye bunduki. Wewe kampuni yako ilikupa karatasi gani kabla ya kukuweka kwenye chati? Kama haikukupa, basi kosa ni lao nusu, na mimi naona umwandikie supavaiza wako kwa heshima umweleze maana zote mbili na umuombe akurudishie pesa. Na mteja akikuchanganya tena mwandikie hivi tu, "naomba nihakikishe nimekuelewa", halafu umrudilie shida yake kwa maneno yako. Mwenye hasira hupoa akirudiliwa shida yake.

Ami, mimi ni mama wa Tudor, mwanangu wa kike amekwenda Ireland mwaka jana kuuguza wazee. Kila wiki anituma voisi. Juzi alikuwa akiongea na mimi nikasikia nyuma mwenzake amuuliza "any craic last night?" na mwengine acheka asema ilikuwa nzuri sana. Mimi sikusoma sana lakini "crack" najua ni nini, hapa mtaani kwetu nimezika watoto wa majirani kwa sababu ya madawa. Tena siku nyingine wakamuuliza kuhusu "your man", na mwanangu hajaolewa. Usiku silali. Nimuulize vipi bila kumvunjia heshima?

Bi mkubwa, kwanza lala. Nimekuelewa, na hofu yako si ya bure, sote hapa Mombasa twajua unga umetufanyia nini, kila mtaa una mama anayeweza kukuhadithia. Lakini hilo ulilosikia silo.

Kwa Wairishi "craic", na hutamkwa krak vile vile kama hilo jengine, ni mazungumzo, kicheko, ile raha ya watu kukaa pamoja. Hebu fikiria baraza zetu za jioni, mtu amekuja na stori zake, kahawa yazunguka, kashata zazunguka, watu wacheka mpaka wasahau kwenda nyumbani, hio sasa ndio "craic" yenyewe. Kwa hivo wakiulizana "what's the craic?" ni kama sisi tunavosema habari gani, ama kuna jipya? Na ile uliyoisikia ni mtu yuauliza jana jioni mlistarehe? Neno lilikuwa "crack" kwanza, la kaskazini mwa Uingereza na Scotland, maana yake maongezi, likavuka likaingia Ireland na kule wakaja kuliandika kwa herufi za lugha yao wenyewe. Lilikuwapo zamani sana kabla ya hayo madawa. Lakini wewe usingeweza kujua kwa sauti ya simu, hakuna mama angejua.

Na "your man" si mume wa mtu. Kule ni "yule jamaa", mtu yeyote wanayemzungumzia, hata dereva wa basi. Wakisema "your man was late today" wamaanisha yule bwana amechelewa leo, na mwanamke naye huitwa "your one". Mwanao mwenyewe pengine alishtuka siku ya kwanza.

Sasa nikupe mengine umpelekee yeye kwenye voisi, manake huko ni kuzuri lakini kuna mashimo. Wakimwambia mkubwa wa kazi "was giving out to me" si kwamba amepewa kitu, amekaripiwa. Akitaka mtu amchukue na gari aombe "lift", kama tunavosema huku lifti, asiombe "ride" hata kama amelisikia kwenye filamu za Marekani, kule lina maana ya kitandani. Na lile pochi la kufunga kiunoni ambalo Wamarekani waliita "fanny pack" asilitaje kwa jina hilo. Kwa Mmarekani neno hilo la kwanza ni makalio, maneno ya kitoto tu, kwa Muingereza na Muirishi ni tupu ya mwanamke, na si neno la kutaja mbele ya wazee anaowauguza.

Kumuuliza, muulize tu. Mwambie mwanangu nilisikia neno nikaogopa, nieleze. Atacheka, halafu nadhani atalia kidogo, manake atajua mamake asikiliza mpaka sauti za nyuma.

Mimi ni muuza vikoi na leso pale Biashara Street. Nimepata mteja wa Afrika Kusini kwa simu, mtu mzuri, ameagiza vikoi arubaini. Ijumaa akaniandikia "I'll send the deposit just now". Nikakaa na simu mkononi tangu adhuhuri mpaka isha, duka nimefunga nimerudi nyumbani hakuna kitu. Nikamwambia mtoto aliumwa nahitaji pesa, akanijibu "shame". Nimekasirika nataka kumfungia. Ami wasemaje?

Usimfungie dada yangu, utapoteza mteja bure! Afrika Kusini "just now" si sasa hivi. Ni baadaye, na baadaye yenyewe haina saa, yaweza kuwa jioni na yaweza kuwa kesho. Waliitoa kwa Makaburu, kwenye lugha yao wana neno "netnou" lenye maana hio hio. Angekwambia "now now" hapo kidogo ungekaa na simu, hio ni karibuni, lakini hata hio wacha ufanye shughuli nyingine kwanza. Wala tusiwacheke, sisi si ndio watu wa kusema "nakuja" huku twaondoka? Mgeni akituona tumempa mgongo twaenda zetu na mdomoni twasema twaja, naye yuafikiri nini? Wanaijeria nao hufanya vivyo hivyo kwa Kiingereza, "I'm coming", halafu wapotea.

Na "shame" yake ni pole. Kabisa. Alikuonea huruma kwa mtoto. Kwa Muingereza hilo neno ukirushiwa peke yake lauma, kama umeambiwa huna haya, lakini Mzulu ama Kaburu akimuona mtoto mchanga mzuri asema "shame" na akisikia umefiwa asema "shame", ni kama sisi tunavosema masikini, huku ukimuonea mtu mapenzi na huruma pamoja. Mwandikie hivi: asante kwa pole yako, mtoto anaendelea vizuri, naomba unitajie siku na saa ya kutuma. Ukipewa saa, hio ndio ahadi. Na akija Mombasa mwenyewe akikuuliza njia akakwambia atapinda kwenye "robot", amaanisha taa za barabarani.

Ami, sisi ni chama cha wakaazi, twafanya mkutano kwa Zoom kwa sababu wenzetu wanne wako Marekani. Tulikuwa na hoja ya kuuza kile kiwanja. Mmoja wa Marekani akasema "I move that we table it", mwenyekiti wetu wa hapa akasema haya, akaanza kuijadili pale pale, wale wa Marekani wakaona wamedharauliwa wakazima kamera. Sasa kuna makundi mawili. Mimi ni katibu, niandike nini kwenye kumbukumbu?

Andika kilichotokea na maana zote mbili, bwana katibu, usimlaumu yeyote. Hapa kwetu hoja ikiwekwa mezani imeletwa ijadiliwe, Bunge letu lafanya hivo na tulikichukua kwa Waingereza. Marekani ukiiweka mezani umeiahirisha, wala hujasema mpaka lini. Yaani neno moja na maana zimepeana mgongo.

Tena hamkuwa wa kwanza. Churchill alieleza kwenye kumbukumbu zake za Vita Vikuu vya Pili kwamba maofisa wake walikuwa na waraka wa haraka, wakawaambia wenzao wa Marekani wanataka ku-"table", Wamarekani wakakataa katakata manake kwao ilikuwa ni kuutia kwenye droo usahauliwe. Wakabishana muda mrefu, na kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba wote walikuwa wanataka kitu kimoja. Na hao walikuwa wakipanga vita vya dunia, nyinyi mna kiwanja.

Wapigie simu wale wanne mmoja mmoja, usiwaandikie kwenye grupu, uwaeleze mwenyekiti alisikia nini. Halafu itisheni mkutano mwengine na hoja ije kwa Kiswahili: tuijadili leo, ama tuiahirishe mpaka tarehe fulani.